Mlango Wako ni Ukuta wa Jirani Yako

Mwanafunzi mpendwa, ikiwa unaishi katika jengo la ghorofa lenye fleti nyingi, utazame leo mlango wa kuingilia kwenu. Mlango huo una kazi mbili. Kazi ya kwanza unaijua tangu utotoni: kumzuia mwizi, kuwasitiri wa ndani na macho ya wapitao, na kumpa mgeni mahali pa kusimama apige hodi. Kazi ya pili haitajwi mara nyingi, na wengi wetu hatukufunzwa: siku fleti moja ikishika moto, mlango ndio unaoamua kama moshi utabaki humo ndani, au utazijaza ngazi ambazo majirani wote wanazitegemea kushukia.

Kwa sababu ya kazi hiyo ya pili, nina rai moja ninayotaka uipime kwa akili yako. Mlango wa kuingilia fleti si mali ya anayeishi humo peke yake. Upande wake wa ndani ni wako; upande wake wa nje ni wa kila mtu anayepita ngazini. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuubadilisha hana budi kufuata kanuni za usalama wa moto, na kanuni hizo zinapaswa kumbana mwenye jengo kabla ya kumbana mpangaji.

Moshi hutangulia moto

Tuanze na adui mwenyewe. Tukisikia kwamba nyumba imeungua, akili zetu huona ndimi za moto. Lakini watu wengi wanaokufa katika moto wa majumbani huuawa na moshi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Aliyeivuta huumwa kichwa, huchanganyikiwa, miguu humlegea, kisha huzimia, pengine akiwa bado hajauona moto. Tena moshi wa moto hauna subira. Hupanda juu, na ukizipata ngazi za jengo la ghorofa huzigeuza kuwa dohani. Mtu wa ghorofa ya sita anaweza kufa kwa moto ulioanza ghorofa ya pili na ambao haukutoka katika ghorofa hiyo ya pili.

Hapo ndipo tunapouhitaji mlango. Kuta za matofali na dari ya zege zinaweza kuuzuia moto kwa muda mrefu. Sehemu dhaifu ni lile tundu tulilolikata ukutani ili tupate kupita. Mlango ulio imara na uliofungwa huliziba tundu hilo: moto hukosa njia, na hewa ya kuulisha hupungua. Mlango ulio dhaifu, au ulioachwa wazi, huufanya ukuta uwe kama haupo.

Ndiyo maana nchini Uingereza mlango wa fleti unaotokea kwenye ujia wa pamoja hutakiwa kuhimili moto kwa dakika 30. Nusu saa huweza kuonekana kidogo. Lakini katika nusu saa hiyo mama mwenye watoto wawili hufika chini, mzee mwenye fimbo huongozwa ngatuangatua, na zimamoto hupata nafasi ya kuwasili na kupandisha mipira ya maji kwa ngazi zisizo na moshi. Kazi ya mlango si kuuzima moto. Kazi yake ni kuwapa watu muda.

Kanuni zinadai nini

Ukisoma miongozo ya nchi mbalimbali utakuta maneno mengi ya kitaalamu, lakini kiini chake kinaweza kuelezwa kwa mambo manne.

Jambo la kwanza ni kwamba mlango hupimwa mzima. Mlango si ubao peke yake. Ni ubao, fremu, bawaba zinazoubeba, kitasa, kioo kama kipo, na hata tundu la kupitishia barua. Fundi anaweza kukuuzia ubao mzuri uliopimwa, kisha akauning'iniza kwenye fremu kuukuu kwa bawaba mbili nyepesi. Hapo huna tena mlango wa kuzuia moto, una ubao wa gharama tu. Vivyo hivyo, kila tundu linalotobolewa baadaye ili kuweka kitasa cha pili au kupitisha waya hupunguza nguvu ya mlango.

Jambo la pili ni mianya. Kati ya ubao na fremu huachwa nafasi ya milimita tatu hivi, mlango upate kufunguka bila kukwama. Katika mlango wa kuzuia moto, pembezoni hutiwa utepe maalumu ambao hufura unapopata joto na kuiziba nafasi hiyo. Pamoja nao huwekwa brashi au mpira mwembamba wa kuzuia moshi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa methali hiyo haina fumbo: ufa wa upana wa kidole chini ya mlango unatosha kujaza ujia moshi.

Jambo la tatu, na kwa maoni yangu ndilo kuu, ni kwamba mlango ujifunge wenyewe. Mtu anayekimbia moto huku amebeba mtoto hakumbuki kurudi kuvuta mlango, na si haki kumdai akumbuke. Kwa hiyo kanuni humwondolea mzigo huo na kuukabidhi mlango: mkono wa chuma wenye springi, uliofungwa juu ya ubao, huurudisha mlango mahali pake kila unapofunguliwa, hadi kitasa kishike.

Jambo la nne ni kwamba aliye ndani aweze kutoka bila kutafuta ufunguo. Kitasa kinachozungushwa kwa vidole upande wa ndani humtoa mtu gizani hata akiwa amefumba macho kwa moshi. Kufuli haliwezi. Sambamba na hilo, mlango mpya usifunguke kwa namna ya kuziba ngazi au kuufunga mlango wa jirani.

Mlango mpya si lazima uwe mlango salama

Sasa twende London, kwa kuwa huko somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower, lenye ghorofa 24 na ngazi moja tu, lilishika moto. Ulianzia katika jokofu la jikoni kwenye fleti ya ghorofa ya nne. Watu 72 walipoteza maisha. Miongoni mwa wakazi wa jengo hilo walikuwamo wahamiaji wengi, wakiwamo watu kutoka Eritrea, Ethiopia, Sudan na Morocco. Hivyo msiba huo uligusa bara letu pia.

Ukweli usemwe kamili: kilichoufanya moto ulizunguke jengo kwa kasi ile kilikuwa bamba za nje zenye plastiki ndani yake, na hilo ndilo lililozungumzwa zaidi duniani. Lakini wachunguzi walipotazama ndani ya jengo waliikuta milango. Miaka michache kabla ya moto, kuanzia 2011, milango ya kuingilia ya fleti zaidi ya 100 ilikuwa imebadilishwa. Ilikuwa milango mipya, ya kisasa, ya kupendeza. Ilitakiwa kuhimili moto kwa dakika 30. Polisi walipoupeleka mmoja wa milango hiyo maabara, ulihimili dakika 15 hivi. Zaidi ya hayo, katika fleti nyingi ile mikono ya kujifunga ilikuwa imeharibika au haikuwapo. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi, iliyotolewa Oktoba 2019, ilieleza kwamba baadhi ya milango ilibaki wazi baada ya watu kukimbia, na moshi ukapata njia ya kuingia kwenye ujia na ngazi.

Tafakari jambo hili, mwanafunzi wangu. Wakazi wale hawakuwa na milango mikuukuu iliyosahauliwa. Walikuwa wamebadilishiwa. Walilala wakiamini kwamba kipya ni bora kuliko cha zamani. Kubadilisha mlango kunaweza kuwa ndiyo siku usalama ulipotoka ndani ya jengo, bila mtu yeyote kugundua.

Uingereza ilijifunza, japo kwa kuchelewa. Sheria ya Usalama wa Moto ya mwaka 2021 iliweka wazi kwamba mlango wa kuingilia kila fleti umo ndani ya wajibu wa anayesimamia usalama wa jengo zima. Kisha kanuni zilizoanza kutumika Januari 2023 zikaagiza kwamba, katika majengo ya makazi yenye kimo cha zaidi ya mita 11, milango ya maeneo ya pamoja ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu, na milango ya fleti ijitahidiwe kukaguliwa walau mara moja kwa mwaka. Ripoti ya uchunguzi ilikuwa imependekeza vifaa vya kujifunga vikaguliwe kila miezi mitatu katika milango yote. Serikali ililegeza kwa upande wa fleti, maana kumgongea kila mkazi mara nne kwa mwaka si kazi nyepesi. Mimi ningechagua pendekezo la awali. Lakini hata mara moja kwa mwaka ni bora kuliko kutokagua kabisa.

Ushahidi wa pili unatoka New York. Mwishoni mwa Desemba 2017, katika mtaa wa Bronx, watu 13 walikufa katika jengo la fleti baada ya familia ambayo kwake moto ulianza kukimbia na kuuacha mlango wazi. Mwaka uliofuata jiji lilitunga sheria ya kuwataka wenye majengo kuhakikisha kwamba milango inayotokea kwenye njia na ngazi za pamoja inajifunga yenyewe, na likaweka mwisho wa utekelezaji kuwa Julai 2021. Sheria ikawapo, muda ukawapo, tarehe ikapita. Tarehe 9 Januari 2022, katika Bronx hiyohiyo, hita ya umeme iliwasha moto katika fleti moja ya jengo la ghorofa 19. Moto wenyewe haukwenda mbali. Uliishia katika fleti ile na ujia wa jirani. Lakini mlango wa fleti haukujifunga, na mlango mmoja wa ngazi ghorofa ya 15 nao ulikuwa wazi. Moshi ukapanda hadi juu. Watu 17 walikufa, wanane kati yao wakiwa watoto, na wengi wa waliofariki walikuwa wa familia zenye asili ya Gambia.

Ninataja misiba hii miwili pamoja kwa sababu inafundisha mambo mawili tofauti. London inatufundisha kwamba mlango mpya waweza kuwa mbovu. Bronx inatufundisha kwamba sheria nzuri isiyokaguliwa haimwokoi mtu. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Hapa kwetu: mwizi dhidi ya moto

Pengine utaniambia: "Mwalimu, hayo ni ya Ulaya na Marekani. Hapa Kampala majengo yetu mengi si marefu hivyo." Ni kweli kwamba mengi ni ya ghorofa nne au tano. Lakini jengo la Bronx la mwaka 2017 lilikuwa la ghorofa tano tu. Na miji yetu inapanda: ukipita Kampala, Nairobi, Dar es Salaam au Kigali utaona majengo ya fleti yakiota mahali palipokuwa na nyumba za bati za ghorofa moja. Tunahamia juu haraka kuliko tunavyojifunza kuishi juu.

Tazama basi jinsi milango inavyobadilishwa kwetu. Sababu huwa moja: wizi. Fleti ya jirani imevunjwa. Wiki hiyohiyo, fundi wa kuchomelea anaitwa, anapima kwa macho, na baada ya siku tatu pana mlango wa bati nene au geti la nondo mbele ya mlango wa mbao, lenye komeo na kufuli mbili. Hakuna aliyeuliza kama mlango huo utajifunga wenyewe, wala utafunguliwa upande gani, wala ufunguo utakaa wapi usiku.

Siwadharau wanaofanya hivyo. Hofu ya mwizi ni hofu ya kweli, tena ya kila wiki, ilhali moto mtu aweza kuishi miaka sabini bila kuuona. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zinazopinga rai yangu, na haifai kuijibu kwa kejeli. Jibu langu ni kwamba hatulazimiki kuchagua mmoja kati ya maadui hawa. Kitasa imara kinachozungushwa kwa vidole upande wa ndani humzuia mwizi aliye nje sawasawa na kufuli, na humruhusu mwenye nyumba kutoka. Geti la nondo likibidi kuwapo, na liwe na kitasa cha namna hiyohiyo, kikingwe kwa bamba la chuma ili mkono wa mtu aliye nje usikifikie. Adui wetu si chuma. Adui wetu ni ufunguo uliopotea saa nane za usiku.

Eneo letu limelipia somo hili tayari. Mwezi Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wavulana 67 walikufa bwenini kwa moto. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Bweni si fleti, nakiri. Lakini mantiki iliyoujenga mlango ule ndiyo hiyohiyo tunayoipeleka majumbani: kwamba usalama maana yake ni kufunga tu. Usalama una pande mbili. Una kuzuia, na una kuachilia.

Yako mambo mengine mawili ya kwetu ambayo fundi hatakwambia usipomuuliza. La kwanza ni bati. Watu hudhani kwa kuwa chuma hakiungui, mlango wa bati ni mlango wa kuzuia moto. Sivyo. Bati tupu hupitisha joto upesi hadi upande wa pili, tena hupinda likipata moto, na likipinda huacha mianya ambayo moshi hupita bila taabu. La pili ni matundu ya hewa. Juu ya milango yetu mingi pana vioo vyembamba au matofali yenye matundu, yaliyowekwa ili kupitisha upepo wakati wa joto. Kioo cha kawaida hupasuka mapema kwa moto, na tundu lililo wazi halihitaji hata kupasuka. Ukiweka mlango bora kuliko yote duniani chini ya tundu hilo, moshi utatoka juu ya kichwa chake. Hewa ya fleti na ipatikane kwenye madirisha ya ukuta wa nje, si kwenye ujia wa pamoja.

Nani alipe, nani aulizwe

Hoja ya pili dhidi yangu ni gharama. Mlango uliopimwa maabara na kupewa cheti ni ghali, na kwa mpangaji anayehangaika kulipa kodi ya kila mwezi ni anasa. Nakubali. Ndiyo maana nasema kanuni imbane kwanza mwenye jengo. Yeye ndiye anayekusanya kodi ya fleti zote. Yeye ndiye mwenye ngazi, ujia na fremu. Mpangaji anayeibiwa akaomba mlango imara na kukataliwa, kisha akajinunulia mwenyewe alichoweza, hatupaswi kumlaumu yeye kwanza. Tumuulize mwenye jengo kwa nini alimwachia mpangaji kazi ya kujenga upya ukuta wa jengo lake.

Hapa Uganda hatuko mikono mitupu kisheria. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 iliunda Bodi ya Taifa ya kusimamia majengo pamoja na kamati za ujenzi katika wilaya na miji. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 humtaka mwenye nyumba apangishe nyumba inayofaa binadamu kuishi. Na kwa fleti zinazomilikiwa na watu mbalimbali, Sheria ya Umiliki wa Kondominiamu ya mwaka 2001 huwapa wamiliki chombo cha pamoja cha kusimamia sehemu zao za pamoja. Lakini sheria haitembei yenyewe. Raia ndiye anayeitembeza. Ngazi zisizo na moshi ni mali ya pamoja hata kama hazikuandikwa katika hati yoyote, na chombo cha pamoja kinachojadili rangi ya ukuta na ada ya taka bila kuitazama milango kinaacha kazi yake nusu.

Kwa hiyo ningependa kila jengo la fleti liwe na utaratibu mfupi unaoeleweka na wote. Anayetaka kubadilisha mlango wa kuingilia aombe kwa maandishi. Mwenye jengo, au kamati ya wamiliki, ajibu kwa maandishi, akitaja aina ya mlango unaokubalika. Gharama ya kifaa cha kujifunga na ya kitasa cha kutokea bila ufunguo iwe ya mwenye jengo. Mlango ukishafungwa, mtu mwenye ujuzi aje autazame kabla fundi hajalipwa salio lake. Na kila mwaka milango yote ijaribiwe kwa njia rahisi: ifunguliwe, iachiliwe, itazamwe kama inarudi na kushika. Jaribio hilo halidai maabara wala bajeti. Ladai macho na dakika moja kwa kila mlango.

Kwa jengo ambalo leo halina fedha ya milango yenye vyeti, unafuu upo. Ubao mzito usio na uwazi ndani ni bora kuliko ule mwepesi uliojazwa karatasi. Bawaba tatu ni bora kuliko mbili. Mkono wa kujifunga unauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na bei yake haikaribii bei ya mlango. Hatua hizi hazitoshi, na asije mwenye jengo akazitumia kukwepa wajibu wake. Lakini kati ya kutotenda lolote na kutenda kila kitu pana nafasi ya maisha ya watu.

Zipo pia tabia ambazo hakuna sheria itakayoziondoa ila sisi wenyewe. Jiwe linaloegemezwa mlangoni ili upepo upite, waya unaofunga mkono wa kujifunga kwa sababu unawasumbua watoto, viatu na baiskeli zinazojazwa ujiani: hayo yote huubatilisha mlango hata ungekuwa wa dhahabu. Na moto ukitokea kweli kwenu, tokeni nyote, vuta mlango nyuma yenu bila kuutia ufunguo, piga kelele za kuwaamsha majirani, kisha waite zimamoto. Ikiwa moto uko kwingine na ngazi zimejaa moshi, rudi ndani, funga mlango, ziba uwazi wa chini kwa nguo zilizoloweshwa, nenda kwenye dirisha la nje uonekane.

Kazi ya juma hili

Katika lugha yetu, neno mlango lina maana nyingine ya heshima: ni ukoo, ni watu waliotokana na asili moja. Wakazi wa jengo la ghorofa si ukoo, lakini ngazi wanazoshuka ni moja, na moshi hautamuuliza mtu asili yake.

Basi kazi yako juma hili ni hii. Rudi nyumbani, ufungue mlango wa kuingilia hadi mwisho, uuachilie, uone kama unajifunga. Jaribu kutoka kwa ndani taa zikiwa zimezimwa na ufunguo ukiwa mbali. Tazama juu ya mlango kama pana tundu, na chini yake kama pana mwanya. Kisha, ukishirikiana na wazazi au walezi wako, mwandikieni mwenye nyumba barua rasmi ya Kiswahili: anwani mbili, tarehe, mintarafu, mwili wa barua na hitimisho, kama tulivyojifunza. Mwelezeni mlichokiona, na ombeni mambo mawili tu: mlango ujifunge wenyewe, na ufunguke kutoka ndani bila ufunguo. Nakala wapeni majirani wa ghorofa yenu, wasome na kutia sahihi kama wanakubali. Barua yenye sahihi nane ni nzito kuliko barua yenye sahihi moja, na milango minane ikitengenezwa siku moja, fundi naye hupunguza bei.